CD korofi: kuhamishia nyimbo kwenye kompyuta na kuhakiki kwamba zimetoka sawa

Kompyuta kumaliza kunakili CD bila kulalamika si ushahidi kwamba nyimbo zimetoka sawa. Mtu anahamisha CD nzima ya taarab kwa dakika nne, anaigawa CD, na siku akivaa hedifoni anasikia "tik, tik" juu ya fidla. CD yenyewe haipo tena, wala hakuna pa kurudi.

Tatizo linaanzia kwenye namna CD ya muziki ilivyotengenezwa. Kila sekunde ya muziki imekatwa vipande 75, na kila kipande kina baiti 2352. Kwenye CD ya mafaili, baiti 2048 tu ndizo zinabeba faili. Nyingine ni anwani ya kipande na hesabu za ziada za kurekebisha makosa. CD ya muziki haina akiba hiyo, maana baiti zote 2352 ni sauti. Ipo safu moja ya marekebisho ambayo CD zote zinayo, lakini ikizidiwa, draivu (kifaa cha kompyuta kinachosoma CD) haisemi imeshindwa. Inatazama thamani ya kabla na ya baada, inakisia ya katikati, kisha inakukabidhi kana kwamba imeisoma. Kwa redio ya sebuleni huo ni uungwana. Kwa anayetaka kuhifadhi, ni kudanganywa.

Kazi yote iliyoelezwa hapa chini, basi, ni ya kuibana draivu isome zaidi ya mara moja na kulinganisha majibu yake.

Jua kwanza umeshika nini

Iweke CD kwenye kompyuta ya Windows, ufungue folda yake. Ukiona mafaili ya Track01.cda, Track02.cda na kuendelea, kila moja lina baiti 44 tu, hiyo ni CD ya muziki. Usiyanakili mafaili hayo kwenye flashi. Ni vielekezi tu, hayana sauti ndani. Wengi wameondoka na "albamu" ya baiti mia tano namna hiyo.

Ukiona mafaili ya MP3, hiyo ni CD ya mafaili. Nakili kama unavyonakili kitu kingine chochote, umemaliza.

Ukiona folda iitwayo MPEGAV yenye mafaili ya .DAT, hiyo ni VCD, na kwenye makabati ya Dar es Salaam zimejaa: kwaya, taarab, dansi, Bongo Fleva. Sauti yake imebanwa tayari kwa MPEG Layer II, kilobiti 224 kwa sekunde, kwa hiyo hutapata ubora wa CD hata ufanyeje. Itoe kama ilivyo, bila kuibana mara ya pili, kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -vn -c:a copy wimbo1.mp2

VCD nayo haina ile akiba ya marekebisho kwenye vipande vya video na sauti, ndiyo maana mkwaruzo mdogo unaikwamisha kunakiliwa katikati. Habari za kuosha na za draivu zinaihusu pia. Mengine yote hapa ni ya CD za muziki.

Sasa igeuze uangalie chini. Ikiwa ya fedha tupu, ni ya kiwandani. Ikiwa na rangi ya kijani, bluu au dhahabu, imechomwa kwa kompyuta, na ina matatizo yake ya peke yake, tutayafikia. Iinue mbele ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, tabaka la alumini limeliwa hapo, na hakuna sabuni wala programu itakayorudisha kilichokuwepo.

Kuosha

Nusu ya CD zinazoitwa mbovu ni chafu tu. Vumbi, alama za vidole, ukungu wa kabati lenye unyevu, na utando wa mafuta kwa CD zilizokaa karibu na jiko.

Nawa mikono. Ipitishe CD chini ya maji ya bomba yasiyo ya moto kwanza, ili mchanga uondoke kabla hujagusa kitu. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ncha ya kidole, upake polepole, kisha suuza. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo mitaa mingi ya jiji inayatumia, yakikauka yanaacha madoa meupe. Msuuzo wa mwisho fanya kwa maji ya kunywa ya chupa. Kausha kwa kitambaa cha kufutia miwani au kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mara nyingi mpaka kikalainika. Karatasi ya chooni na tishu zinakwaruza.

Futa kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe kamwe. Muziki umeandikwa kwa mstari mmoja unaozunguka kutoka ndani kwenda nje, na marekebisho ya CD yana uwezo wa kufuta kabisa pengo la takriban milimita 2.5 za mstari huo. Mkwaruzo unaokata mstari kama barabara inavyokata reli unaharibu nukta chache kila mzunguko. Mkwaruzo unaofuata mstari, hata kama ni mwembamba usioonekana vizuri, unafuta kipande kirefu kwa mkupuo.

Utando wa mafuta usiotoka kwa sabuni unatoka kwa alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia saketi. Thina, petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni mwiko: plastiki inafifia papo hapo na haing'arishiki tena. Spiriti ya duka la dawa inaweza kuwa na mafuta ndani yake, ukabaki na utando mwingine.

Upande wa lebo ndio wa kuogopa zaidi, ingawa watu wanaulaza mezani bila wasiwasi. Plastiki ya chini ina unene wa milimita 1.2, na data ipo juu yake kabisa, imefunikwa kwa rangi na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini upo kwenye kioo cha dirisha. Wa juu upo kwenye picha yenyewe. Kwa hiyo usisugue lebo, na stika iliyobandikwa usiibandue, hata ikiwa imekunjamana. Inaondoka na alumini.

CD iliyotoka kwenye chumba cha AC isiingizwe kwenye draivu hapohapo ukiwa kwenye joto la nje. Inatoa jasho. Iache nusu saa.

Draivu

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko programu yoyote. CD moja iliyokataliwa na draivu ya laptopu inaweza kusomwa na draivu nyingine bila kosa hata moja, kwa sababu lenzi, nguvu ya leza na uwezo wa kufuata mstari vinatofautiana. Mwenye CD korofi nyingi awe na draivu mbili za aina tofauti. Tatu si anasa.

Draivu nene za DVD za kompyuta za mezani kwa kawaida zinashinda zile nyembamba za laptopu. Maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo huwa nazo, zimechomolewa kwenye mashine kuukuu. Chagua yenye uwezo wa kuchoma, si ya kusoma tu, maana hizo husoma vizuri zaidi CD zilizochomwa. Nenda na CD mbili, moja nzima na moja korofi, uombe ijaribiwe mbele yako. Draivu inayoanza kuzunguka, inasimama, inaanza tena, hata kwa CD nzima, lenzi yake imechoka au ina vumbi.

Tahadhari moja ya umeme. Draivu nene inahitaji volti 5 na volti 12. Waya wa USB wa kuunganishia "hard disk" ndogo ya laptopu unatoa volti 5 peke yake, kwa hiyo taa itawaka na CD haitazunguka. Watu huirudisha dukani wakidhani wameuziwa mbovu. Tafuta adapta yenye plagi yake ya ukutani. Draivu nyembamba ya USB nayo inaweza kuhitaji zaidi ya miliampia 500 za tundu la USB 2.0, na dalili yake ni kukatikakatika inapoanza kuzungusha CD. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu.

Fanya kazi hii kwa laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika ukiwa unatumia deskitopu, wimbo uliokuwa unasomwa kwa saa nzima unaanza upya.

Programu na mipangilio

Kwa Windows tumia Exact Audio Copy, maarufu kama EAC, haiuzwi. Kwa Linux kuna whipper na cdparanoia, kwa Mac kuna XLD. Programu za kawaida za kusikilizia muziki ziache kwa CD mpya. Maelezo yanayofuata ni ya EAC.

1. Bonyeza F10 ufungue mipangilio ya draivu. Chagua "Secure mode". Kwa njia hii EAC inasoma kila kipande mara mbili. Majibu yakitofautiana inarudia kwa mafungu ya mara 16, na inakubali jibu endapo usomaji 8 kati ya 16 umefanana.

2. Weka alama kwenye "Accurate stream" na kwenye kisanduku kinachosema draivu inahifadhi sauti kwenye kache, yaani kumbukumbu yake ya muda. Hicho cha pili usikipuuze. Draivu yenye kache ikiombwa kusoma mara ya pili hairudi kwenye CD; inakupa nakala ya jibu lake la kwanza, na yanafanana, bila shaka. Unakuwa umemuuliza shahidi yuleyule mara mbili kwa kumsomea maelezo yake mwenyewe.

3. Ondoa alama kwenye C2. Hiyo ni taarifa ya draivu kuhusu makosa yake yenyewe, na draivu nyingi si wakweli.

4. Kwenye mipangilio ya EAC yenyewe (F9), "Error recovery quality" iweke "High". Mafungu yatafika matano, yaani marudio 80.

5. Kasi chagua 8x. CD iliyopinda kwa joto la gari ipe 4x. Kama draivu haitii amri ya kasi, hilo ni la draivu, si la EAC.

6. Weka "offset" ya draivu. Karibu kila draivu inaanza kusoma sauti mbele au nyuma kidogo ya mahali halisi: +6, +48, +102, +667 na kadhalika, kulingana na modeli. Sampuli 667 kati ya 44,100 za sekunde moja ni kama milisekunde 15, sikio halihangaiki, ila bila kusawazisha huwezi kulinganisha draivu moja na nyingine. EAC inaipata yenyewe kupitia AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni ya matokeo ya watu wengine waliosoma CD zilezile, ukiingiza CD inayojulikana humo. Usihangaike na CD ya hapa nyumbani kwa kazi hii. Azima CD halisi ya kiwandani ya msanii wa kimataifa aliyeuza sana.

7. Bonyeza F11, chagua kubana kwa FLAC. FLAC haipotezi kitu, na albamu moja huwa megabaiti 250 hadi 400. MP3 utatengeneza baadaye kutoka humo, mara nyingi upendavyo.

Kusoma CD, na kusoma ripoti

Bonyeza F4 ili itambue mapengo kati ya nyimbo, chagua nyimbo zote, kisha Shift+F6. Hiyo ni "Test & Copy": EAC inaupitia wimbo mzima mara ya kwanza bila kuandika, inaupitia tena ikiandika, halafu inatoa namba mbili za CRC, yaani namba za kuhakiki zinazokokotolewa kutoka kwenye sauti yote ya wimbo. Kwa CD nzima ya saa moja tenga nusu saa. Kwa korofi, hata saa tatu.

Ripoti ya mwisho ndiyo mali yako. Kwa kila wimbo tazama vitu vitatu.

"Test CRC" na "Copy CRC" ziwe zilezile, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, hata kama wimbo unasikika safi, kuna mahali pamesomwa tofauti.

"Track quality" ya asilimia 99.8 haina maana kwamba umepoteza asilimia 0.2. Inaonyesha kulikuwa na marudio. Kama CRC zimefanana na hakuna onyo, wimbo umepona.

"Suspicious position 0:02:13" ndiyo habari mbaya: pale dakika ya pili na sekunde ya kumi na tatu, baada ya marudio yote, hapakupatikana jibu la kuaminika. Andika mahali hapo.

AccurateRip ikisema wimbo umelingana na wa watu wengine, na ikataja idadi yao, umefunga kesi. CD nyingi za hapa kwetu, hata hivyo, hazimo kwenye hifadhidata hiyo, na hapo CRC mbili za draivu moja hazitoshi, kwa sababu draivu inaweza kukosea vilevile kila mara: mkwaruzo haujasogea, lenzi ni ileile, na ukisiaji ni uleule. Chukua draivu ya pili, ya modeli tofauti, yenye offset iliyowekwa sawa, urudie "Test" peke yake kwa F8. CRC ya draivu mbili tofauti zikikutana, nadra sana ziwe zimekubaliana kwenye uongo.

Usichanganye kosa la kusoma na kosa lililo ndani ya rekodi. CD za dansi la zamani, nyimbo za Sikinde au Msondo kwa mfano, zimetokana na tepu. Mvumo, sauti kuzama kwa nusu sekunde, upande mmoja wa spika kufifia: hayo yaliingia kabla ya CD kuwepo. Jaribio ni rahisi. Kama mkwaruzo wa sauti upo mahali palepale kwa draivu zote mbili na CRC zinafanana, umo kwenye rekodi. Uache. Kuusafisha ni kazi nyingine, na hufanywa kwenye nakala.

Wimbo ukikataa

Usirudie CD nzima. Chukua wimbo ule mmoja, na fuata mpangilio huu, ukijaribu upya baada ya kila hatua: osha tena, punguza kasi hadi 4x, badilisha draivu, iache draivu ipoe dakika kumi, maana saa mbili za marudio katika joto la Dar zinaipandisha moto na inaanza kukosea hata pazuri, zungusha CD kidogo kwenye kishikio chake uirudishe. Hili la mwisho linaonekana kama uganga, ila CD iliyopinda au yenye tundu la katikati lililolegea inakaa tofauti kidogo kila ikiwekwa, na tofauti hiyo wakati mwingine inatosha.

Ikiwa ni CD ya kimataifa, pitisha mafaili yako kwenye CUETools. Hifadhidata yake ina data za urekebishaji zilizotokana na nakala za watu wengine. Makosa yakiwa machache, inayaziba kwa sauti halisi, bila kukisia.

Kung'arisha ndiyo hatua ya mwisho. Dawa ya meno nyeupe, isiyo ya jeli, inapunguza mikwaruzo midogo ya upande wa chini. Paka kidogo kwa kitambaa chenye maji, sugua kutoka katikati kwenda nje juu ya mkwaruzo tu, dakika mbili tatu, suuza sana. Itaacha ukungu hafifu, na hiyo ni sawa, leza inaupita. Kinachoisumbua ni kingo kali za mkwaruzo. Mkwaruzo unaokwama ukucha ukiupitishia kidole hautatoka hivyo.

CD chache za kigeni za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinakataa kwa makusudi, zimewekewa kinga ya kunakili. Dalili: upande wa chini una pete mbili zilizotenganishwa na mstari, na kompyuta inafungua programu ngeni. Shikilia Shift unapoingiza CD, na usikubali kusakinisha chochote. Mwaka 2005 Sony BMG ilibidi iziondoe sokoni CD zenye programu ya XCP, iliyokuwa ikijificha ndani ya Windows na kuacha mlango wazi kwa virusi.

CD zilizochomwa

Hizi data yake imo kwenye rangi inayofifia kwa mwanga na joto. Zianze hizo kabla ya za kiwandani, hata kama zinapiga vizuri leo.

Kama makosa yanatokea sekunde ya mwisho ya kila wimbo, na katikati ni safi, usiivunje draivu kwa marudio. CD hiyo ilichomwa wimbo mmoja mmoja, leza ikizimwa na kuwashwa kati yao, na kwenye maungio hayo kuna vipande viwili vitatu visivyosomeka ambavyo havina muziki.

Nyingi zilitengenezwa kutoka MP3. Fungua wimbo uliotoa kwa programu ya Spek: ukiona sauti imekatwa kama kwa rula kwenye kilohezi 16, chanzo chake kinaelekea kuwa MP3 ya kilobiti 128. Hifadhi hivyohivyo kwa FLAC, lakini andika kwenye maelezo, ili usije ukaipa heshima ya nakala halisi.

Majina na kuhifadhi

MusicBrainz, hifadhidata ya mtandaoni ya muziki, itakujazia majina ya CD za nje. Za hapa utaandika mwenyewe, ukifuata jalada neno kwa neno, kosa la herufi likiwepo liweke kwenye maelezo. Bendi zilizobadili jina zinahitaji uamuzi mmoja mapema: NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Kwenye sehemu ya msanii weka jina lililo kwenye jalada, na kwenye sehemu ya kupangia weka moja la kudumu, la sivyo kompyuta itakutengenezea bendi nne.

Folda moja kwa kila CD: FLAC, ripoti ya EAC, faili la CUE (orodha ya nyimbo na mahali zinapoanzia), na picha ya jalada pande zote. Baada ya kunakili kwenye diski ya nje (ekstenali), endesha flac -t *.flac ndani ya folda. Kila faili la FLAC linabeba namba ya kuhakiki sauti yake, kwa hiyo amri hiyo inakuonyesha kama kunakili kumeharibu kitu. Albamu 200 zinaingia kwenye gigabaiti 50 hadi 80. Weka nakala ya pili nyumba nyingine.

CD zilizobaki na "Suspicious position" zitengee fungu lake, kila moja na kikaratasi ndani ya kasha chenye namba ya wimbo, dakika, na modeli ya draivu iliyoshindwa. Ukipata draivu nyingine, unaanza na hizo.